Shuka Nyeupe Kuliko Zote Barabara ya Kumi na Sita

1. Jumatano. Jua la saa nne asubuhi

— na nakwambia tena mbele za watu, Mwajabu, makopa yangu niliyaanika meupe!

— Meupe! Makopa yako yalikuwa meupe lini?

— Leo! Leo asubuhi! Sasa tazama. Tazameni jamani, huu ni muhogo au ni kanga?

Mama Hadia ameinua kipande cha muhogo mkavu juu ya kichwa kama mtu anayeapa. Kipande kina mchirizi wa buluu. Juu ya mkeka wake, kwenye kamba inayokatisha ua wa nyumba mbili, shuka ya Bi Mwajabu inadondosha maji.

Ton.

Ton.

— Hilo ni gauni la Rukia limechuja rangi.

— Gauni liko wapi? Kwenye kamba iko shuka peke yake!

— Limeshaanuliwa.

— Bichi?

Watu wakacheka. Na aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Mwantumu Shekue, Tumu Picha, yule mwenye studio ya pale pembeni. Tangu Tumu ahamie barabara ya kumi na sita, hapa Ngamiani, haujatokea ugomvi wa jirani ukaisha kabla yeye hajafika na kigoda chake. Leo alikuwa amekaa katikati, miguu kainyoosha, anaamua kesi kwa kuichochea.

— Mwajabu, sema kweli leo, akasema Mama Hadia. Miaka ishirini unatutambia: sabuni ya mche na jua la Mungu, sabuni ya mche na jua la Mungu! Kumbe unaitia buluu!

— Sitii!

— Unatia!

Tumu alikuwa na kicheko kingine njiani. Kikafika mdomoni.

Kikafia hapo.

Buluu.

2. Kwa wewe usiyefua nguo nyeupe kwa mkono

Nguo nyeupe huzeeka. Ikizeeka hugeuka njano, polepole, kama meno. Basi mama zetu huifua, huisuuza, halafu mwisho huichovya kwenye maji yaliyotiwa buluu, unga kiduchu unaofungwa kwenye kitambaa. Buluu ikikutana na ile njano, jicho linasema: loo, weupe gani huu!

Si weupe. Ni njano iliyositiriwa.

Jicho lina adabu, linajua kusitiri. Kwa taa ya chemli, kwa jua, kwenye kivuli cha ukuta, karatasi moja unaiona nyeupe kote. Ukurasa huu unaousoma, wewe unaona ni mweupe. Sogea nao dirishani. Halafu urudi nao chini ya taa. Ni ule ule?

Una uhakika?

3. Kutoka daftari la Tumu, semina ya wapiga picha, siku ya pili

— Mwanga una rangi. Taa za zamani: njano. Kivulini: buluu. Macho yanajirekebisha yenyewe. Kamera haijui kitu mpaka uiambie.

— Kuiambia: unaionyesha kitu cheupe KWELIKWELI (au kijivu), unabonyeza, ndiyo kusema "hiki hakina rangi, anzia hapa". Hii ndiyo mizani ya weupe. Waiti balansi.

— Mwalimu: kamera ni kama mkwe mpya, utakachomwambia siku ya kwanza ndicho atakachokishika.

— Ukiionyesha kitu chenye buluu ukaiambia ni cheupe, itakuamini. Itaiondoa buluu kila mahali. Watu watatoka

*(hapa chai imemwagika)*

— Tumieni kadi ya kijivu mliyopewa. Kijivu hakina upande.

— Chakula cha mchana: wali kwa kuku. Kuku mdogo.

4. Kadi ya kijivu iko wapi?

Ilikuwa ngumu, nyepesi, inashikika vizuri mkononi. Jiko la mkaa lilikuwa haliwaki. Wageni walikuwa sebuleni, wengi, kama Tumu anavyopenda, na chai ilikuwa bado.

Alipepea mara moja tu.

Alipepea wiki tatu. Ikaungua pembe, ikaungua katikati, ikaisha.

5. Siku ya picha. Kivuli cha ua, saa tano

Jumamosi ile, kabla ya ugomvi wa makopa, Bi Mwajabu alikaanga maandazi ya watu hamsini kwa ajili ya picha ya mtu mmoja. Bintiye Rukia ameposwa. Barua imekuja kutoka Pangani, imejibiwa kwa heri, na upande wa mume wameomba picha kubwa, ya fremu, waitundike ukumbini. Bi Nyamvula, shangazi yake Kombo, bwana harusi, ndiye mwenye kauli kule, na miguu inamsumbua: hakuweza kuja kumwona mkwe kwa macho. Basi aletewe.

Ua ulifurika. Tumu hawezi kupiga picha bila watu wa kumsifu.

— Leo mtaona picha iliyopimwa! akatangaza. Si zile za kubahatisha. Mnajua mizani ya weupe?

— Mizani? Ya sukari?

— Nyamaza shoga, acha watu wasome. Nileteeni kitu cheupe.

Hadia, msichana wa Mama Hadia, akakimbilia ndani akarudi na karatasi aliyoichana kwenye daftari la shule. Karatasi tupu, nyeupe ya kawaida, isiyo na majivuno.

Bi Mwajabu akacheka kwa pua.

— Cheupe? Barabara hii kitu cheupe ni kimoja tu.

Akaenda kwenye kamba, akaianua shuka yake, akaitandaza mbele ya lenzi kwa mikono miwili kama anayefungua pazia. Vigelegele. Hadia akaambiwa rudi na karatasi yako.

Tumu akaijaza kamera kwa ile shuka. Akabonyeza. Kamera ikaitikia, *tik*, kwa heshima, kama mkwe mpya.

Rukia akakaa. Hina mkononi, mtandio begani. Kwenye kioo kidogo cha kamera, na mwangaza ule wa mchana, alionekana kama aliyepakwa samli.

— Dhahabu! akasema Tumu. Mnaona? Binti kageuka dhahabu!

Vigelegele tena.

6.

KARATASI YA KAZI — KUSAFISHA PICHA
Jina la mteja: M. Shekue
Ukubwa: wa fremu ya ukutani
Maoni ya fundi: *Rangi imeelemea njano. Ngozi na weupe wa macho. Turekebishe kabla ya kutoa?*
Jibu la mteja: *Msiguse. Rangi nimepima mwenyewe.*
Sahihi: *M. Shekue* (imepigwa mstari chini, mara mbili)

7. Kutoka Pangani

Dada yangu Bi Mwajabu, salaam alaykum. Picha imefika, tumeitundika, na mtoto ni mzuri, mashallah. Lakini dada, usiuchukulie vibaya ulimi wangu. Marehemu kaka yangu, baba yake Kombo, alianza macho, yakawa manjano. Macho kwanza. Kisha ngozi. Kisha tukaenda kumzika, watu wakasema ini. Sasa kila nipitapo ukumbini nayaona macho yale yale yananitazama kwenye fremu. Kombo anasema macho ya mchumba wake anayajua, hayana neno. Nami namwambia mwenye kupenda haoni. Tunaomba mtoto akapimwe. Si kwa ubaya. Hofu haina ubaya, ina kumbukumbu. — Nyamvula

8. Barazani kwa Tumu. Jua la saa kumi, tamu

Na sisi je? Sisi tulikuwa wapi?

Tulikuwa barazani, na habari ya barua ya Pangani imeshatufikia. Wapi tena? Studio ya Tumu ina benchi mbili na mkeka, ina kahawa, ina kashata, na neno likizaliwa barabara ya kumi na sita halivuki barabara ya kumi na saba kabla halijanywa kahawa pale. Rukia tumemwona anajifunza kutembea, tumemwona anang'oka meno. Miaka ishirini na mitatu. Hatujawahi kuona rangi kwenye macho yake.

— Lakini picha ile...

— Picha ile kweli ni njano.

— Hivi ni picha au ni mtu?

— Si tumuulize mwenye kamera? Tumu! Wewe ndiye uliyempiga. Ni picha, au ni mtu?

Benchi zote mbili zikamgeukia. Mkeka nao. Pale ukutani, nyuma ya kichwa chake, kuna cheti cha semina kwenye kioo.

Tumu akaweka kikombe chini. Akasema

9.

 

akasema

 

— Shoga zangu, kamera haina undugu na mtu. Hata mimi, nilipomsogezea lenzi, niliona macho ya mtoto yale hayako sawa. Nikanyamaza tu. Mambo ya watu.

 

10.

Hakuona.

Aliyoyaona yalikuwa macho ya msichana anayejizuia kucheka, kwa sababu sisimizi alikuwa anampanda kifundoni na ameambiwa asitikisike.

11. Rukia

Zamani watu wakiniamkia wananitazama usoni. Siku hizi wananitazama jicho la kulia, kisha la kushoto, halafu ndiyo "hujambo". Hata muuza maziwa.

Hospitali kulikuwa na dada mmoja, mikono yake baridi. Akanivuta kope chini kwa kidole gumba. Tazama juu, akasema. Nikatazama juu. Kuna feni ina vumbi, haizunguki. Mama alikuwa kwenye benchi anashika mkoba wangu kwa mikono miwili kana kwamba nimo ndani.

Wakanitoa damu.

Nyumbani nikawa navuta kope mwenyewe kwenye kioo. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu nikayaona manjano. Nakuapia. Niliyaona.

12.

CHETI CHA MAJIBU
Jina: Rukia Mhando. Umri: 23. Jinsi: Ke.
Vipimo vya ini: kawaida.
Manjano: hakuna.
Maoni ya daktari: *Mzima. Hahitaji matibabu.*

13. Yaliyosemwa baada ya cheti

Kama mzima, alipimwa nini?

Cheti siku hizi hata mimi naweza kuandika.

Mie simsemi mtoto wa mtu, lakini.

Lakini.

Tumu mwenyewe aliona, tena kwa lenzi.

Pangani wamesema wazee watakaa Ijumaa, baada ya swala, waamue. Wamesema kwa upole sana. Upole ule wa mtu anayerudisha bakuli alilopelekewa chakula, halijaguswa.

14. Jumatano ile ile ya makopa, adhuhuri, mlango umefungwa

Sasa rudi nami kwenye ua. Mama Hadia bado kainua muhogo. Bi Mwajabu bado anaapa kwa gauni ambalo halipo. Watu bado wanacheka. Mtu mmoja tu ameinuka, kachukua kigoda chake, kaondoka bila kuaga, na ugomvi wenyewe ukapungua ladha kwa mshangao.

— Tumu huyo anaondoka? Ugomvi haujaisha?

Alipita dukani akanunua buluu, kifurushi kimoja. Akafunga mlango wa studio, saa sita mchana, jambo ambalo halijawahi. (Wapita njia: Tumu kafiwa?) Akajaza beseni. Akachukua leso yake nyeupe, iliyopauka, akaichovya, akaikamua, akaitandaza dirishani. Ikawa nyeupe hiyo! Nyeupe ya kutambia watu.

Akaionyesha kamera. Hiki ndicho cheupe, akaiambia.

*Tik.*

Akaigeuza kamera, akajipiga uso wake mwenyewe.

Mwanamke aliyetokea kwenye kioo alikuwa mgonjwa. Mashavu kama bizari imemwagika. Macho, ule weupe wa macho ambao kila asubuhi anaupaka wanja pembeni, ulikuwa wa mtu ambaye ndugu zake wameanza kutafuta namba za simu za walio mbali.

Akachana karatasi ya daftari. Akaionyesha kamera. *Tik.* Akajipiga tena.

Tumu. Mzima. Mnene. Mwongo.

Dakika mbili. Kazi nzima ilikuwa ya dakika mbili na karatasi moja ya daftari, ile ile aliyoletewa na msichana wa watu akaambiwa rudi nayo.

Tumu akakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha picha za pasipoti, kinachotazama ukuta. Kosa la shuka, akajiambia mwanzoni. Mimi nilijuaje? Nani alijua? Na kweli, hilo la shuka lingeweza kusameheka. Fundi alimuuliza, akapiga mstari mara mbili; nalo, ah, kiburi, nani hana.

Lakini barazani hakukuwa na shuka. Barazani hakukuwa na kamera. Palikuwa na mdomo wake tu, umekaa chini ya cheti.

15. Rasimu

*Ya kwanza.* Studio ya Tumu Picha inapenda kuwataarifu wateja wake wapendwa kuwa, kutokana na hitilafu za kiufundi zilizo nje ya uwezo wetu, baadhi ya picha

Nje ya uwezo wa nani? Futa.

*Ya pili.* Majirani, picha ya Rukia ilitoka njano kwa sababu shuka iliyopimiwa, mali ya mama yake, ilikuwa imetiwa bul

Futa. Futa upesi! Kila neno hapo lilikuwa kweli, na kila neno lingemvua Bi Mwajabu nguo barabarani. Kuna ukweli ambao ni umbea uliovaa kanzu, na Tumu, mjuzi wa umbea, aliutambua kwa mwendo.

*Ya tatu.* Kamera huwa ina tabia

Haina. Futa.

*Ya nne.* Nili

*Ya nne.* Nilise

*Ya nne.* Nilisema uongo.

16. Alhamisi asubuhi. Tangazo lililotumwa kwenye kundi la simu la Wakazi wa Barabara ya 16. Na kwa ujumbe wa sauti, pembeni, kwa Bi Nyamvula, Pangani

Nilisema uongo. Mimi Mwantumu Shekue nilisema barazani kwangu kwamba niliona macho ya Rukia hayako sawa. Sikuona kitu. Nilisema ili picha yangu isisemwe. Picha ndiyo mbaya. Mtoto ni mzima. Semina walinipa kadi ya kupimia rangi, nikaifanya ya kupepelea jiko mpaka ikaungua. Siku ile nikapima kwa kitu nilichokiona cheupe kwa macho yangu, na fundi aliponiuliza nikamjibu kwa kiburi. Picha ya kwanza hapo chini ni mimi jana, nimejipiga kwa kukosea vile vile. Ya pili ni mimi jana hiyo hiyo, dakika mbili baadaye, nimepima kwa karatasi. Nitazameni. Ini langu halina neno, na la Rukia halina neno. Rukia, mwanangu, nisamehe. Na usiponisamehe, angalau watu wawe wamejua.

17. Majibu

— Kadi ya semina kupepelea jiko! Tumu wewe!

— Hiyo ya kwanza umefanana na marehemu bibi yako siku ile.

— Mimi nilisema tangu mwanzo ni picha. *(Hakusema.)*

— Nilisema pia. *(Naye hakusema.)*

— Sasa cheti cha ukutani tukitoe au?

— Mama Hadia: Na makopa yangu je?

— *Rukia ametoka kwenye kundi.*

 

Pangani: vitiki viwili, kijivu.

Pangani: vitiki viwili, kijivu.

Pangani, adhuhuri: vitiki viwili vimegeuka buluu. Amesikia.

Pangani, alasiri:

 

Pangani, magharibi:

 

18. Kile ambacho baraza halikukisema

Sisi tuliokunywa ile kahawa hatukuomba radhi. Hatukuwa tumesema kitu, si ndivyo? Tuliuliza tu. Tulisikia tu. Tukapeleka tu.

Siku ile benchi zote mbili zilikaa tupu, na tulipokutana sokoni tulitazamana jicho la kulia, kisha la kushoto.

19. Ijumaa. Jua la saa saba, limesimama wima

Swala imetoka. Kule Pangani wazee wamekwisha kukaa, au ndiyo wanavua viatu.

Tumu alivuka barabara mikono mitupu. Alikuwa amefikiria kubeba kitu. Kilo ya mchele, sahani ya halua. Kila alichokishika mkononi kilimfananisha na mtu anayenunua msamaha, akakirudisha.

Kwenye kona ya ua akasimama.

Kamba ilikuwa na shuka. Aliijua kwa pindo, lile pindo la uzi wa kufuma, ndiyo yenyewe, hakuna nyingine. Lakini leo ilikuwa njano. Njano ya maziwa yaliyolala, njano ya kurasa za msahafu wa zamani. Imesuuzwa maji matupu, imeanikwa upande wa barabara, mahali ambapo kila anayetoka msikitini lazima apite. Imenyooshwa vizuri, vibanio vinne, bila kukunjwa hata pembe.

Tumu aliitazama mpaka macho yakauma.

— Hodi.

Mlio wa vyombo, ukakatika.

— Hodi wenyewe.

Bi Mwajabu akatokea mlangoni. Hakusema karibu. Alisimama na kitambaa cha kupangusia mikono, akawa anapangusa mikono iliyokwisha kukauka.

— Dada Mwajabu. Nimekuja kwa miguu yangu. Kile nilichoandika ndicho, sina cha kupunguza. Nimekuja ili kama kuna neno, uniambie mimi, usoni, usikae nalo.

— Niliyonayo ni mengi.

— Nayastahili.

— Nilikuwa nimeyapanga. Tangu jana nayapanga, na matusi yake. Sasa umesimama hapo mpole hivyo, umenivuruga.

Mtu akacheka ndani, haraka, akajiziba. Mama Hadia huyo, sauti yake haifichiki. Kumbe wamepatana.

Bi Mwajabu akatazama kamba, si Tumu.

— Hukuitaja shuka yangu.

— Shuka haikusema uongo, dada. Haina mdomo.

— Miaka ishirini, Tumu. Nilikuwa nafunga mlango nikiitia. Hata Rukia nilikuwa namtuma dukani kwanza ndiyo niitie. Unga wa kuokota kwa kucha mbili! Na ukaenda kumkalia mwanangu machoni.

— Si unga. Ni mimi.

— Ni wewe, akasema Bi Mwajabu. Nami nilizishikilia pembe mbili za shuka.

Akakikunja kile kitambaa mara mbili.

— Pangani wamekujibu? akauliza.

— Hawajanijibu. Nyie?

— Bado. Wamo kikaoni.

Kutoka pale mlangoni Tumu aliweza kuona ndani, kidogo tu. Mkeka. Sinia. Ijumaa nyumba hii hupikwa pilau, mtaa mzima unajua kwa harufu. Leo hapakuwa na harufu ya pilau. Palikuwa na bada, ugali wa muhogo wa makopa yale yale, Mama Hadia kayakwangua buluu kwa kisu usiku kucha na kelele zake. Bada ya moto, rangi ya kijivu, kijivu safi kisichoegemea popote. Bakuli la pweza pembeni. Na ukingoni mwa mkeka, simu ya Bi Mwajabu imelazwa kifudifudi, na watu wote mle ndani wamekaa kwa namna ya kutoitazama.

Mtu akikukuta kwenye chakula humwachi mlangoni. Hata awe kakuchomea nyumba, utasema karibu, kwa sababu ukila unamwangalia mtu amesimama, aibu ni yako. Tumu alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Kwa hiyo alijua vile vile kwamba neno hilo, likija, halitamwambia kitu. Linaweza kuwa msamaha. Linaweza kuwa adabu tu. Hakuna karatasi ya kulipimia.

Akageuka, aondoke kabla halijasemwa.

Rukia akaja mlangoni.

Alikuwa na kanga ya jikoni na mkono mmoja wenye unga. Akasimama pembeni ya mama yake. Akamtazama Tumu jicho la kulia. Taratibu. Akamtazama jicho la kushoto. Hakuwa na haraka. Tumu akatazama juu, bila kuambiwa, na juu palikuwa na shuka, na nyuma ya shuka jua.

Ndani, juu ya mkeka, simu ikatetema.

Hakuna aliyeinuka.

— Shangazi Tumu, akasema Rukia. Maji ya kunawa yako hapo kulia. Ingia tule, bada inapoa.